Aliyepika awepo karibu: jibu kutoka Osaka

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza sisi tunaoishi ughaibuni: akija mgeni unayemheshimu, katika jiji ambalo wewe mwenyewe hukuzaliwa, unachaguaje mahali pa kumpeleka kula? Nimelichukua swali hilo kwa uzito, kwa sababu kwangu ni sehemu ya kazi. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili hapa Osaka, Japani, na riziki yangu inatokana na kukagua na kusafirisha magari yaliyotumika kwenda Dar es Salaam na Mombasa, kwa hiyo kila baada ya miezi michache huwa nampokea mteja, au mzazi wa mteja, aliyekuja kuona kwa macho yake kile anachokinunua. Baada ya siku nzima ya kuzunguka yadi, mgeni huyo lazima ale, na ale vizuri. Jibu langu ni mgahawa mdogo wa Kifaransa wa mtaani, wenye viti visivyozidi kumi na vitano, unaoendeshwa na watu wawili tu, mmoja jikoni na mwingine ukumbini.

Sikuanza hivyo. Miaka ya mwanzo nilimpokea mzee mmoja kutoka Tanga, mtu aliyemdhamini baba yangu alipokuwa akinunua lori lake la kwanza, nami nikaamini kwamba heshima yake ingeonekana kwenye bei. Nikampeleka kwenye mgahawa wa Kifaransa uliokuwa juu kabisa ya jengo refu, ambako taa za jiji zilionekana hadi baharini. Zililetwa sahani tisa, kila moja na maelezo marefu ambayo nilishindwa kuyatafsiri kwa sababu yalikuwa Kijapani kilichojaa Kifaransa. Nilipomuuliza mhudumu kama kwenye sosi kulikuwa na nguruwe, alikwenda akarudi na jibu kwamba ilikuwa kidogo tu. Mzee akaziacha sahani tatu bila kuzigusa, na adabu yake ilinichoma kuliko ambavyo lawama ingenichoma. Ndani ya teksi akaniambia kwa upole, "Mwanangu, nimeshukuru sana, lakini ningekula kwa raha zaidi kama aliyepika angekuwepo nimuulize alichopika." Tangu usiku ule, kila mgahawa naupima kwa maneno hayo.

Huenda msomaji akashangaa kwamba mtu anaishi katika nchi ya sushi, halafu mgeni wake anamlisha Kifaransa. Sababu ya kwanza ni mgeni mwenyewe: wazee wengi ninaowapokea hawana raha na samaki mbichi, lakini supu ya moto, mkate, na samaki aliyeiva mwenye mchuzi wake ni chakula ambacho hakihitaji kujifunza upya. Sababu ya pili ni kwamba upishi wa Kifaransa si jambo la kigeni hapa kama tunavyodhani tukiwa mbali. Tangu enzi ya Meiji, karne ya 19, ndio upishi wa karamu za kitaifa, na hadi leo marais na wafalme wanaokaribishwa katika kasri la mfalme mjini Tokyo huandaliwa chakula cha Kifaransa. Hapa Osaka, Shizuo Tsuji alianzisha chuo chake cha upishi mwaka 1960, na baadaye chuo hicho kikafungua tawi katika jumba la kale karibu na Lyon, Ufaransa, ili wanafunzi wa Kijapani wajifunze upishi huo kwenye ardhi yake. Mwaka 2020 mpishi Kei Kobayashi akawa Mjapani wa kwanza kupewa nyota tatu za Michelin, daraja la juu kabisa la mwongozo huo wa migahawa, nchini Ufaransa kwenyewe. Kwa kila anayefika kilele kama hicho wapo wengine waliofanya kazi miaka mitano au sita katika majiko ya Burgundy au Lyon, wakarudi nyumbani na akiba ndogo, wakapanga chumba cha chini katika jengo jembamba, na wakaanza kupika. Hao ndio ninaowatafuta.

Nawatafutia katika wilaya ya Nishi, pembezoni mwa Bustani ya Utsubo. Bustani hiyo ina umbo la ajabu, ndefu na nyembamba kutoka mashariki hadi magharibi, na umbo hilo lina historia: zamani palikuwa soko la wafanyabiashara wa samaki wakavu na wa chumvi, kisha baada ya Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Marekani likapageuza uwanja mdogo wa ndege, na mwaka 1955 pakafunguliwa kuwa bustani ya watu wote. Wageni kutoka pwani hupenda kusikia kwamba wanatembea palipouzwa samaki wakavu. Upande wa kaskazini ni Kyomachibori, mtaa wa ofisi ndogo, mikate na kahawa, na humo ndimo migahawa ya aina ninayoisema imejificha kati ya duka la fremu za picha na ngazi za kupandia ofisi ya mwanasheria. Kutoka hapo hadi Edobori, ulipo mgahawa maarufu wa Hajime, ni mwendo mfupi wa miguu. Lakini huko mtu hupanga mapema na kwa fedha nyingi, nami natafuta mahali ambapo naweza kurudi kila mwezi.

Kwa nje natazama kwanza ubao wa chaki. Ubao ulioandikwa leo, wenye vitu vichache na bei kamili pamoja na kodi, unaniambia kwamba mpishi amekwenda sokoni na ameamua. Ubao wenye vyakula thelathini, ambao maandishi yake yamefifia kwa mvua, unaniambia kwamba friza ni kubwa. Napenda kuona jina la mahali kilikotoka chakula: bata wa Kawachi, biringanya za maji za Senshu wakati wa kiangazi, vitunguu vya kisiwa cha Awaji. Bendera ya Ufaransa mlangoni hainipi habari yoyote. Jambo jingine dogo ni kibandiko cha sigara. Tangu Aprili 2020 sheria imekataza kuvuta sigara ndani ya migahawa, lakini sehemu ndogo za zamani zinaweza kuruhusiwa, na zikiruhusu lazima zitangaze mlangoni. Ukikiona kibandiko hicho, pita.

Kuhusu alama za mtandaoni, nina onyo moja kwa wenzangu waliozoea programu za kwetu, ambako mgahawa wenye alama chini ya nne huhesabiwa kuwa umeoza. Tabelog, tovuti ya maoni ya migahawa inayotumiwa sana na Wajapani, hutoa alama hadi tano, lakini wenyeji ni wagumu mno wa kusifu, kiasi kwamba mgahawa wenye 3.5 tayari ni mzuri, na migahawa mingi ya mtaani ambayo ningemletea mama yangu iko chini kidogo ya hapo. Mimi alama sizitegemei. Nasoma maoni nikitafuta neno moja tu, kama watu wanamtaja shefu kwamba alitoka, alieleza, aliuliza. Wakiongea juu ya mandhari na picha tu, nafunga ukurasa.

Kisha nakwenda peke yangu mchana, na hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Chakula cha mchana katika migahawa hii mara nyingi hakifiki nusu ya bei ya usiku. Mtaani kwangu nalipa kati ya yen 1,800 na 3,500 kwa supu au kitangulizi, chakula kikuu, mkate na kahawa. Mpishi hawezi kujificha ndani ya supu. Msimu mmoja wa baridi niliketi kaunta katika mgahawa wa viti kumi na viwili, nikaletewa supu ya kabu, ule mzizi mweupe wa mviringo wa Kijapani unaofanana na figili, rangi yake kama tui zito, juu yake tone moja la mafuta ya zeituni na majani ya kabu lenyewe yaliyokatwa laini. Haikuwa na krimu nyingi ya kuficha ladha. Nilisikia utamu wa mzizi na uchungu mwembamba wa jani. Mkate ulikuja ukiwa wa moto ndani ya kitambaa, na nilipoufuta mchuzi wa mwisho kwenye sahani, mama mwenye mgahawa, ambaye wateja wote humwita Madamu, aliniletea kipande kingine kabla sijainua macho. Kutoka kaunta nilimwona shefu akionja sosi kwa kijiko, akiongeza chumvi kwa vidole, akionja tena kwa kijiko kingine. Nyumba inayofanya hivyo saa saba mchana, kwa mteja mmoja wa bei ya chini, itafanya hivyo usiku.

Mtihani wa mwisho ni simu. Naipiga kati ya saa tisa na saa kumi na nusu alasiri, wakati wa mchana umekwisha na wa usiku haujaanza, kwa sababu kumpigia mpishi aliye peke yake jikoni saa ya kazi ni kumkosea. Mgahawa wowote wa maana hapa utakuuliza idadi ya watu, saa, mizio, na vyakula ambavyo mgeni hapendi. Hapo ndipo naeleza yote bila haya: mgeni wangu ni Mwislamu, hali nguruwe, hatumii pombe hata ndani ya sosi, na kwa kuwa nyama yenu haikuchinjwa kwa utaratibu wake tungependa samaki. Upishi wa Kifaransa una mitego mingi katika jambo hili. Divai huchemshwa ndani ya sosi, vipande vya nguruwe hutiwa kwenye supu ya dengu, na jelatini ya kitindamlo mara nyingi inatokana na nguruwe. Anayejibu "sawa, sawa" upesi simwamini, na anayesema hawezi namshukuru kwa ukweli wake na kumtafuta mwingine. Shefu ninayemtaka ni yule anayenyamaza kidogo, kisha anauliza: je, siki ya divai nayo hapana? Mchuzi wa mifupa ya samaki unafaa? Anayeuliza maswali ya namna hiyo ameshaanza kupika kichwani.

Ukishaweka nafasi, usiighairi siku yenyewe. Mtu mwenye viti kumi na viwili hununua samaki kwa kuhesabu watu, na meza moja ikikosa kuja anabaki nao. Beba pia fedha taslimu, na usiache bakshishi. Utakimbiziwa barabarani urudishiwe.

Mwaka juzi, mwezi wa Aprili, nilimpeleka katika mgahawa ule wa supu ya kabu mzee wa Pemba ambaye ujana wake wote aliumaliza baharini. Tulikuwa wanne, na meza nyingine ilikuwa na wanandoa wa mtaani waliokuja wakiwa wamevaa kandambili. Kabla ya kupika, shefu alitoka na trei mkononi, akainama, akamwonyesha mzee samaki wa siku hiyo, mrefu, mgongo wa buluu, ubavu wa fedha wenye madoa ya kijivu. Madamu akaeleza kwamba anaitwa sawara, na kwamba herufi yake huandikwa kwa alama ya samaki na alama ya majira ya kuchipua zikiwa pamoja, kwa sababu huo ndio wakati wake katika bahari ya hapa. Mzee hakungoja nitafsiri. Alimgusa mkiani kwa kidole akasema, "Huyu nguru huyu, ila mdogo." Na alikuwa sahihi, kwani sawara na nguru wetu ni wa jamii moja.

Maongezi yaliyofuata nilitafsiri hadi nikaacha kula. Mzee alitaka kujua vipi nyama laini kama ile haikuvunjika kwenye kikaango, na shefu akamweleza kwamba humpaka chumvi mapema, humfuta maji yanayotoka, kisha humkaanga upande wa ngozi kwa moto mdogo karibu muda wote, na kumgeuza mara moja tu mwishoni. Sosi yake ilikuwa ya siagi, limau na mchuzi wa mifupa ya samaki huyohuyo, bila tone la divai. Mzee naye akaeleza kwamba kwao nguru hukatwa vipande vya mviringo pamoja na mfupa, na kwamba tui la kwanza hutiwa mwishoni, huku ukilikoroga lisikatike. Shefu alikwenda jikoni akaleta daftari lenye madoa ya mafuta, akaniomba nirudie ile sehemu ya tui, la kwanza na la pili, akaandika.

Mwezi ujao nawapokea wageni wawili kutoka Mombasa. Nilipopiga simu juzi, saa tisa na nusu, Madamu alichukua majina, akauliza kama masharti ni yaleyale ya mzee wa Pemba, kisha akasema shefu ameomba nimletee kopo moja la tui, lisilo na sukari, akalijaribu kabla hawajafika.