Maswali na Majibu: Kushirikisha Saraka kwa NFS

Maswali ya safari hii yote yamehusu NFS (Network File System), mfumo ulioanzishwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984 ili kompyuta moja itumie faili zilizo kwenye diski ya nyingine kana kwamba ni zake.

Ofisi yetu ina kompyuta tano za Ubuntu (aina ya Linux), na moja ina diski kubwa. Nataka zote zione saraka (folda) ya /data, tumechoka kuzungusha flashi. Nianzie wapi?

Kompyuta yenye diski ndiyo seva, iwekee programu ya nfs-kernel-server. Zilizobaki ziwekee nfs-common. Kwenye seva, fungua faili la /etc/exports uandike:

/data 192.168.1.0/24(rw,sync,no_subtree_check)

Kisha toa amri ya sudo exportfs -ra ili seva isome mstari huo. Kwenye kila kompyuta nyingine tengeneza saraka tupu, tuseme /mnt/data, halafu iunganishe na seva kwa amri hii:

sudo mount -t nfs 192.168.1.10:/data /mnt/data

Badilisha anwani zifanane na za mtandao wenu. Neno rw ni ruhusa ya kusoma na kuandika. Neno sync usiliondoe. Linailazimisha seva isiseme "tayari" mpaka data imefika diskini kweli. Kinyume chake, async, ina kasi zaidi, lakini umeme ukikatika ghafla, kazi ambayo mtu anaamini ameshaihifadhi inaweza kupotea.

Nimeandika rw kabisa, lakini kompyuta za ofisini zinasoma tu. Nikijaribu kuandika napata "Read-only file system".

Mstari uliotuma ni huu: /data 192.168.1.0/24 (rw). Angalia nafasi iliyopo kabla ya mabano. Kwa nafasi hiyo moja umeiambia seva mambo mawili: mtandao wa ofisi upewe masharti ya kawaida, yaani kusoma tu, na mtu mwingine yeyote, kutoka anwani yoyote inayoweza kuifikia seva, aruhusiwe kuandika. Wenyeji wamefungiwa, wageni wameachiwa mlango. Ondoa nafasi, rudia exportfs -ra, kisha toa amri ya sudo exportfs -v. Ukiona neno <world> pembeni ya saraka yako, bado hujamaliza. Fanya ukaguzi huu kila unapogusa faili hilo.

Faili za mhasibu nimezipa ruhusa 600 (mwenyewe tu asome na kuandika), ila katibu anazifungua na kuzifuta akiwa kwenye kompyuta yake. Inawezekanaje?

Hili ndilo swali ninalotaka kila fundi alisome. NFS ya kawaida haiangalii jina la mtumiaji wala haiulizi nenosiri; inaangalia namba. Ubuntu humpa mtumiaji wa kwanza wa kila kompyuta namba 1000. Mhasibu ni 1000 kwenye mashine yake, katibu naye ni 1000 kwenye yake. Seva ikipokea ombi kutoka kwa 1000, kwake huyo ni mtu yuleyule. Andika amri ya id kwenye kila kompyuta, na ls -ln kwenye seva, utaiona namba hiyo kwa macho yako.

Dawa ni kumpa kila mfanyakazi namba yake, ileile kwenye kompyuta zote. Katibu akiwa ametoka kwenye akaunti yake, tumia sudo usermod -u 1002 katibu. Faili zilizo ndani ya saraka yake ya nyumbani zitafuata namba mpya. Za kwingineko zibadilishe mmiliki kwa amri ya chown.

Usilale usingizi bado. Mtu mwenye mamlaka ya root, yaani msimamizi mkuu, kwenye laptopu yake anaweza kujipa namba yoyote. Sharti la root_squash, ambalo huwepo hata usipoliandika, humzuia root pekee. Halimzuii root aliyejigeuza 1000. Kwa hiyo waifai ya wageni isikae kwenye mtandao mmoja na seva, na kwenye exports taja anwani za kompyuta unazozijua. Kwa mishahara na siri za wateja, fungeni Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho wa mtumiaji, mtumie sharti la sec=krb5p, ambalo pia husimba data.

Seva ikizimika, kompyuta zote zinaganda. Nitumie sharti la soft ninapounganisha saraka?

Hapana, kama watu wanaandika humo. Kwa soft, programu hurudishiwa kosa baada ya kusubiri, na faili linaweza kubaki nusu. Hali ya hard husubiri seva irudi, kisha kazi inaendelea. Kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha saraka za kuunganishwa kompyuta inapowaka, ongeza masharti ya nofail,_netdev,x-systemd.automount ili kompyuta iwake hata seva ikiwa imezimika. Na UPS ya seva ihudumie pia swichi ya mtandao.

Na kompyuta za Windows?

Tumia Samba, programu inayoiwezesha seva ya Linux kushirikisha saraka kwa njia ya Windows.

Tawi letu liko Zanzibar, seva iko Dar es Salaam. Nifungue mlango (port) 2049 wa NFS kwenye ruta?

Usifungue kabisa. Bila Kerberos au TLS (usimbaji wa data inayosafiri), data hupita wazi njiani, na namba za watumiaji umeshaona zinavyoghushiwa. Unganisheni matawi kwa WireGuard, programu ya VPN, kwanza. Hata hivyo NFS huenda na kurudi mara nyingi kwa kila faili, hivyo saraka yenye faili ndogo maelfu itawachosha. Kwa tawi la mbali, kunakili kwa rsync, programu inayohamisha mabadiliko tu, kila usiku kutawafaa zaidi.