GGT iko sawa, usigombe na maabara

Jana kwenye raundi mmoja wenu, hata faili hajafungua, amemwuliza kijana mwenye macho ya njano, "Unakunywa chupa ngapi kwa siku?" Nilijifanya nakohoa. Swali hilo nami niliwahi kuliuliza.

1. ALP (kimeng'enya cha ini na cha mifupa pia) ikipanda, agiza na GGT (kimeng'enya cha ini, mifupa haimo). Basi.

2. Bilirubini (ile rangi inayogeuza macho njano) na ALP zikiwa juu, GGT ikawa sawa, usipige simu maabara kugomba. Mimi niligomba. Kijana wa miaka 19, anajikuna mpaka shuka lina damu, mkojo kama chai ya mkandaa. Homa ya ini B na C hana. Altrasaundi haioni jiwe wala mirija iliyotanuka. Nikamwambia fundi kitendanishi chake kimeharibika. Akarudia kipimo, jibu lilelile, akaliweka mezani pangu bila neno. Nikamgeukia mgonjwa: pombe hiyo! Mama yake akajiweka sawa buibui. "Daktari, mwanangu hajaonja hata tembo." Nikaandika "pombe" na alama ya kuuliza. Wiki sita baadaye kijana akapona mwenyewe, sifa nikazipa vidonge vyangu vya vitamini.

Mwaka uliofuata huyo, ngozi imechubuka vilevile, na kwenye faili mwandiko wangu. Safari hii ndipo nikauliza. Kumbe ni mara ya tatu. Kila mara huanza baada ya mafua, kuwasha kwanza, macho baadaye. Baba na mama? Watoto wa ndugu wawili. Picha nzima ni ya kolestasisi (nyongo kukwama ndani ya ini) ya kujirudia, ile ambayo GGT hubaki sawa na kwa kawaida haiachi kovu kwenye ini: jeni ya ATP8B1 au ABCB11 ina hitilafu, umeirithi pande zote mbili, nyongo inatoka kwenye seli za ini kwa kusuasua, kisha maambukizi, ujauzito au vidonge vya majira vyenye estrojeni vinaikwamisha. Pengine hata kichocheo hukioni.

"Mama, mbona mwaka jana hukuniambia haya?"

"Nilikwambia, mwanangu. Ulikuwa unaandika."

3. Angalieni kuganda kwa damu. Nyongo isipofika utumbo, vitamini K, inayosaidia damu kuganda, hainyonywi vizuri.

4. Kuwasha kukiishinda kolestiramini (dawa inayonasa asidi za nyongo tumboni), kuna rifampisini, ndiyo, ileile ya TB, lakini vipimo vya ini virudiwe.

5. Fundi yule bado yupo maabara, anapenda vitumbua vya moto. Atakayepita asubuhi ampelekee, aseme vimetoka kwangu.