Mwenye Kusema "Tega" Ameshaingia Mchezoni

Wiki iliyopita jarida hili liliwauliza wasomaji: mchezo wa video unaosimulia hadithi, ambao kazi ya mchezaji ni kuchagua maneno na njia tu, unastahili kuitwa mchezo, au ni filamu iliyotiwa vitufe? Nimelifikiria swali hilo kwa siku kadhaa, kwa sababu linagusa jambo ambalo nimeliishi sebuleni kwa dada yangu, Sinza, kwa zaidi ya mwaka mmoja, na jibu langu ni kwamba unastahili, tena kwa haki ile ile inayoupa bao jina hilo. Lakini sababu zinazotolewa na wengi wanaoutetea hazinitoshi, na ndiyo maana nimeona niandike kwa urefu.

Wanaoutetea husema ni mchezo kwa kuwa una miisho mingi. Wanaoupinga husema si mchezo kwa kuwa hauhitaji wepesi wa vidole, hauna magoli na hauna mshindi. Anayelipia dakika zake katika kibanda cha gemu Manzese au Temeke hulipia mpira, ngumi au mbio za magari, na akimwona mtu ameketi dakika ishirini akisoma mazungumzo kwenye kioo atamuuliza ataanza kucheza lini. Pande zote mbili zinahesabu: huku miisho, kule magoli. Mimi naona jambo la kuangaliwa ni deni. Je, kazi hii inamdai anayeishiriki kitu kilicho chake, na akishakitoa, inakitunza?

Mfano tunao nyumbani tangu zamani. Mtegaji anasema "Kitendawili!" na wasikilizaji wanaitika "Tega!" Neno hilo moja linawafunga. Akishasema "Nyumba yangu haina mlango," hawawezi tena kukaa kama watazamaji. Ni lazima wajaribu, na wakishindwa wanadaiwa mji. Mtegaji anaweza kuukataa mji asioupenda na kudai mwingine, na akiridhika ndipo anaposimulia safari yake huko, jinsi alivyopokewa na kukirimiwa, kabla ya kutoa jibu, ambalo ni yai. Jibu hilo ni moja, halibadiliki hata ukitoa Tanga badala ya Bagamoyo. Hata hivyo sijawahi kumsikia mtu akisema kwamba kitendawili si mchezo kwa sababu kina jibu moja. Mji ulioutoa ulikuwa wako kuutoa, na safari iliyosimuliwa ilikuwa ya mji huo.

Gemu iliyonifanya niyaone haya ni The Walking Dead ya kampuni ya Telltale ya Marekani, iliyotoka mwaka 2012 kwa sehemu tano. Mchezaji anamwongoza Lee Everett, mwalimu wa chuo kikuu aliyekuwa akipelekwa gerezani siku maiti zilipoanza kutembea, ambaye anajikuta akimlea Clementine, mtoto wa miaka minane aliyetengana na wazazi wake. Mpwa wangu wa kike, aliye mwaka wa kwanza chuoni, ndiye hushika pedi ya kuchezea. Mdogo wake wa kidato cha tano hukaa karibu na runinga. Mimi hutafsiri kwa sauti kwa ajili ya mama yangu, ambaye hukaa mkekani na ungo wake wa mchele, na ambaye mwanzoni alikuwa akisikiliza kwa kutuheshimu tu. Kutafsiri huko si kazi nyepesi, kwa sababu mazungumzo mengi yana mstari wa muda unaofupika, na mchezaji akichelewa Lee hukaa kimya, na ukimya nao huhesabiwa kuwa jibu. Mara nyingi jibu zito likishatolewa, maandishi madogo hutokea pembeni ya kioo: Clementine atalikumbuka hilo.

Mwishoni mwa sehemu ya pili, kundi la Lee, likiwa limekaa na njaa kwa muda mrefu, linakuta gari msituni. Limejaa chakula, na mwenyewe haonekani. Wenzake Lee wanataka kuchukua kila kitu. Clementine anauliza itakuwaje kama gari hilo halikutelekezwa, kama lina mwenyewe.

Mpwa wangu wa kiume alisema achukue, watu wana njaa. Ungo ukasimama mikononi mwa mama. "Chakula cha mtu hicho," alisema, "na mtoto anawatazama." Mpwa wangu wa kike aligeuka akamtazama bibi yake, akarudi kwenye kioo, akachagua kukataa. Wenzake Lee wakakichukua chakula chote hata hivyo.

"Si umeona, bibi?" kijana akasema. "Ingekuwa ile ile."

Mama akajibu bila kupandisha sauti: "Haikuwa ile ile. Sisi hatukuchukua."

Maneno hayo ndiyo ninayowapa watu wenye hoja nzito kuliko zote, kwamba uchaguzi katika michezo hii ni wa bandia. Ni kweli kwamba njia huachana kisha zikakutana tena. Katika sehemu ya kwanza ya gemu hiyo hiyo mchezaji anaweza kumwokoa mmoja tu kati ya Doug na Carley, na huyo aliyeokolewa huuawa katika sehemu ya tatu, awe ni nani. Waandishi hawakufanya hivyo kwa uvivu. Chaguo moja lenye majibu mawili huzaa njia mbili, machaguo kumi huzaa njia 1,024, na machaguo ishirini huzaa njia zaidi ya milioni moja, na kila njia inadai kuandikwa, kuchorwa na kutiwa sauti za waigizaji. Hakuna mfuko unaoweza kulipia kazi hiyo, kwa hiyo mto hugawanyika ukizunguka kisiwa, kisha maji yake hukutana. Swali la haki la kumuuliza mwandishi ni kama maji yanayokutana upande wa pili bado yana rangi ya udongo yalikopita.

Katika sehemu ya tano ya The Walking Dead rangi hiyo ipo. Mwenye gari anajitokeza. Ndiye aliyemteka Clementine, na anamketisha Lee kitini akimhesabia aliyoyatenda tangu safari ilipoanza. Zilikuwa zimepita wiki nyingi tangu tulipolikuta gari lile, nami nilikuwa nimelisahau. Mama aliweka kikombe chake chini akasema, "Mwenyewe huyo," kabla sijamaliza kutafsiri sentensi ya kwanza.

Mahali ambapo rangi ilipotea ni kwenye Mass Effect ya BioWare ya Kanada. Katika michezo yake mitatu, kuanzia mwaka 2007 hadi 2012, maamuzi ya mchezaji yalihamishwa kutoka mchezo mmoja hadi mwingine, hata askari aliyeachwa afe katika ule wa kwanza hakuonekana tena katika ule wa tatu. Kisha, mwishoni kabisa, mchezaji akawekewa machaguo machache yenye miisho iliyofanana mno. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwezi Juni mwaka 2012 kampuni ilitoa mwisho uliorefushwa, bila malipo. Wapo waliowaona wale wachezaji kuwa watu wa kudeka. Mimi naamini walikuwa na haki, kwa kuwa walikuwa wametoa miji yao kwa miaka mitano, na mtegaji akawatajia jibu bila kuisimulia safari.

Niitaje pia Life is Strange ya Dontnod ya Paris, iliyotoka mwaka 2015, kwa sababu inalijaribu deni hili kwa njia ambayo sijaiona kwingine. Msichana Max anaweza kurudisha nyuma muda, kwa hiyo mchezaji huona matokeo ya jibu lake palepale, akalifuta, akajaribu lingine, na bado akashindwa kujua lipi litamrudia kesho kutwa. Mpwa wangu alilirudia jibu moja mara nne usiku mmoja, na aliondoka akiwa na wasiwasi kuliko alivyokuwa kabla ya kuliona jibu la kwanza.

Kuhusu mipaka ya tanzu, bishano hili Dar es Salaam imeshalishuhudia katika vazi jingine. Euphrase Kezilahabi, ambaye baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipochapisha diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani, wanamapokeo walikataa kuyaita mashairi. Leo mashairi huru yanafundishwa darasani bega kwa bega na tarbia. Hata hivyo hoja ya wanamapokeo ilikuwa na uzito wake, na nawasihi wanaopenda michezo ya hadithi wasiidharau hoja kama hiyo ikitoka kwa wapenzi wa gemu za ustadi. Vina na mizani vilimsaidia msikilizaji kulibeba shairi moyoni na kulighani. Anayeviondoa analazimika kuonyesha ni nini kingine kitakachomfanya msikilizaji alibebe shairi hilo, na vivyo hivyo anayeondoa magoli na maadui kwenye gemu anadaiwa kuonyesha ameweka nini mahali pake.

Kwa kipimo hicho, kazi zinazofanana kwa sura zinatofautiana sana. Mwaka 2012 Dear Esther, ya The Chinese Room ya Uingereza, ilimpa mchezaji kisiwa cha Hebrides huko Uskoti, sauti ya msimulizi na miguu ya kutembelea, basi. Mwaka uliofuata Gone Home ilimpa nyumba isiyo na watu, yenye droo za kufunguliwa na barua za kusomwa. Wapinzani waliziweka zote mbili kwenye kapu moja na kuzipa jina la kejeli, viigizo vya kutembea. Mimi Gone Home naiita mchezo bila kusita: hadithi ya familia ile haijikusanyi yenyewe, na atakayepita chumba bila kufungua droo atatoka na hadithi pungufu kwa mkono wake mwenyewe. Kwa Dear Esther nasita. Sehemu za masimulizi yake huteuliwa kwa bahati nasibu, hivi kwamba watu wawili wanaweza kutembea njia ile ile na kusikia maneno tofauti. Kama wingi wa matoleo ungekuwa ndio unaoifanya kazi kuwa mchezo, hiyo ingekuwa mbele ya nyingi. Lakini aliyeteua ni kompyuta, mimi sikutoa mji wowote. Naipenda, nimeipitia mara mbili, na naiona kuwa shairi zuri la kutembelewa.

Disco Elysium, iliyotoka mwaka 2019 kutoka kwa kundi la ZA/UM lililoanzia Estonia, ndiyo iliyonionyesha jinsi utanzu unavyoweza kung'olewa nguzo yake kuu na nyumba isianguke. Kwa sura yake ni mchezo wa kukuza mhusika, wenye alama za uwezo na dadu mbili, na katika utanzu huo mchezaji hutarajia mapanga na mazimwi. Mapigano yake hayana mfumo wake wa pekee. Hata risasi zinapolia, yote hupitia kwenye mazungumzo. Polisi aliyepoteza kumbukumbu anachunguza kifo cha mtu aliyening'inia mtini, na tabia zake 24, kama vile mantiki, huruma na mamlaka, zinasema naye kila moja kwa sauti yake, zikimshauri vizuri au vibaya. Dadu zikimkataa, hadithi haisimami kumngoja ajaribu upya. Inaendelea na aibu yake. Undertale ya Toby Fox, ya mwaka 2015, inafanya jambo lililo karibu na hilo kwa kugeuza desturi ya utanzu kuwa swali: mchezaji aliyezoea kuua ili apate alama hugundua kwamba angeweza kumwacha hai kila adui, na kwamba gemu haimwachii asahau.

Filamu ya Netflix ya Desemba 2018, Bandersnatch, ambayo mtazamaji aliamua kwa rimoti mhusika afanye nini, hutajwa kila mara katika mabishano haya kama mpaka wenyewe. Kwangu si kesi ngumu: mtu akishadaiwa jibu na jibu lake likatunzwa, yumo mchezoni, hata awe ameketi mbele ya chombo kile kile anachotazamia taarifa ya habari.

Ipo sharti moja ambayo sisi wa hapa tunaihisi kuliko wengine: huwezi kudaiwa kwa lugha usiyoisikia. Mwaka 2024 ilitoka Tales of Kenzera: ZAU, iliyobuniwa na Abubakar Salim baada ya kufiwa na baba yake, nayo inaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili. Ni gemu ya kuruka na kupigana, na machaguo ya hadithi ndani yake si mengi. Lakini kijana Zau, mhusika mkuu, alipomwendea Kalunga, mungu wa mauti, kumwomba amrudishie baba yake, mama yangu alimsikia mwenyewe, mimi nikiwa nimenyamaza, na akamjibu kijana yule kwa sauti kama vile yumo chumbani.

Mpwa wangu wa kike sasa anaandika gemu yake kwa Kiswahili kwa kutumia Twine, programu ya bure iliyobuniwa na Chris Klimas mwaka 2009, inayomwezesha mtu asiyejua kuandika programu kuunganisha vifungu vya hadithi kwa njia za kuchagua. Kisa kinaanzia kwenye kivuko cha Kigamboni, ambako kijana anakuta mkoba uliosahaulika chini ya benchi. Amefikia chaguo la saba na vifungu vimemzidi, kwa hiyo jana usiku alituuliza kama yule anayeukabidhi mkoba kwa mlinzi bila kuufungua arudishwe kwenye njia kuu pamoja na wengine, au aachiwe njia yake hadi mwisho, ingawa itamgharimu wiki mbili za kuandika. Mdogo wake akasema arudishwe. Bibi yao akaomba kwanza asomewe tena pale mlinzi anapoupokea.