Kufuta akiba hakugusi meseji

Wengi huniuliza kama kufuta akiba (cache) ya WhatsApp kwenye mipangilio ya simu kunafuta meseji. Hapana ndugu, ukibonyeza "Futa akiba" meseji na picha zako za WhatsApp zinabaki palepale. Zinazoondoka ni faili za muda tu, zile ambazo programu hujiwekea ili ifunguke haraka. Natengeneza simu hapa Kampala, na wanaokuja dukani machozi yakiwalengalenga ni wale waliobonyeza kitufe cha pembeni yake, "Futa data" (simu nyingine huandika "Futa hifadhi"). Hicho kinairudisha programu ilivyokuwa siku ya kuipakua, na kama huna nakala rudufu (backup), meseji zimekwenda. Tafadhali, soma maandishi kabla kidole hakijagusa. Ukishafuta akiba ya TikTok, bando litaliwa kidogo kwa sababu itapakua baadhi ya vitu upya.