Chupa Tupu ya Bartolo

Mwanangu,

Salamu zako zimenifika, na swali lako pia. Unasema ulipokuwa unapanga kabati umekuta chupa tupu ya mvinyo iliyoandikwa Barolo 1989 na jina la Bartolo Mascarello. Ukatafuta habari zake, ukakuta ni mzee wa Italia, mtengeneza mvinyo, aliyefariki Machi 2005, na kwamba kila anayemsifu anamsifu kwa kukataa. Alikataa mapipa mapya, alikataa kutenganisha mashamba yake, alikataa kufuata wenzake. Ukaniuliza: "Mama, mtu anaheshimiwaje kwa kukataa tu?"

Ngoja nianze na chupa yenyewe. Nilikuwa bado mgeni kazini, mhudumu wa mezani hotelini, na mvinyo nilikuwa naujua kwa bei na sura ya lebo basi. Wageni wa meza moja waliondoka wakaacha kama vidole viwili ndani. Mkubwa wangu wa kazi akaniona naipeleka kwenye sinki, akanizuia. "Hiyo haimwagwi. Mimina, unuse kwanza." Nilitegemea wekundu mzito. Kilichoingia kwenye glasi kilikuwa chepesi, chekundu cha tofali, na pembeni kimeanza kugeuka rangi ya chungwa. Niliweka kidole nyuma ya glasi nikakiona. Nikadhani umeharibika. Nikanusa, nikakuta waridi lililokauka, na nyuma ya waridi kuna lami, ile harufu ya barabara iliyopigwa na jua. Nilipoonja, ukakasi ulinikamata ufizi kama nimetafuna ganda la ndizi mbichi, kisha ukaachia taratibu, taratibu, mpaka ikabaki ladha moja tamu ambayo sijapata kuipa jina. Glasi ile sikuiosha hadi asubuhi. Waridi lilikuwa bado limo.

Barolo ni kijiji cha vilima huko Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, na mvinyo wake hutokana na zabibu moja tu, Nebbiolo. Ni zabibu inayochelewa kuiva, huvunwa hadi Oktoba wakati ukungu umeshashuka mabondeni. Ganda lake ni jembamba, halitoi rangi nyingi, lakini ukakasi wake ni mkali kweli. Mvinyo wake ukiunywa mchanga utaukunjia uso. Wazee wa pale dawa waliyoijua ni muda: maji ya zabibu yachachuke pamoja na maganda yake kwa wiki kadhaa, kisha mvinyo ukalazwe kwa miaka ndani ya mapipa makubwa ya mwaloni, ya maelfu ya lita, yaliyokwishazeeka kiasi kwamba hayana harufu ya mbao ya kuutia. Kazi ya pipa ni kuupa hewa kidogo kidogo, basi. Ndivyo alivyofanya Giulio, baba yake Bartolo, aliyeanza kutia mvinyo kwenye chupa kwa jina la familia baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ndivyo alivyoendelea mwanawe.

Sasa usifikiri waliobadilika walikuwa wapumbavu. Vilima vile vilikuwa na umaskini mkubwa. Baada ya Vita ya Pili vijana walishuka kwenda kutafuta ajira viwandani, kutengeneza chokoleti Alba au magari Torino, na mkulima mwenye Barolo ghalani angeweza kukaa nayo asipate mnunuzi. Kijana mmoja wa La Morra, kijiji jirani kinachotoa Barolo pia, jina lake Elio Altare, alikwenda Burgundy, Ufaransa, akaona wakulima wenzake wanaishi vizuri. Mwaka 1983 alichukua msumeno wa mota akayakata mapipa ya baba yake, akaleta barrique, yale mapipa madogo ya lita 225 ya mwaloni mpya, yanayoulainisha mvinyo mapema na kuutia harufu ya vanila. Baba yake akamnyima urithi. Kila nikikumbuka kisa hicho nawahurumia wote wawili. Na mvinyo mzuri umetoka kwenye mapipa hayo madogo pia, nimeuonja, siwezi kusema uongo.

Lakini fedha zilipoanza kuingia, karibu kila mtu alitaka kufanya vile vile, na mapipa makubwa yakawa aibu. Hapo ndipo kukataa kwa Bartolo kunapohesabika, kwa sababu kulimgharimu. Chukua hilo la mashamba ulilolitaja. Alikuwa na vipande vinne: Cannubi, San Lorenzo na Rué pale Barolo, na Rocche kule La Morra. Cannubi ni kilima kinachojulikana na kila mnunuzi wa Barolo. Wenzake walianza kutia kila kilima kwenye chupa yake na kuandika jina lake kwenye lebo, na jina kama hilo lina bei. Yeye akaendelea kuchanganya zabibu za vipande vyote vinne zikachachuka pamoja, kama alivyofanya baba yake. Mwaka wa jua kali, kilima kimoja kinashika maji vizuri kuliko kingine. Mwaka wa mvua, kinaponea kile chenye upepo. Kimoja kinatoa harufu, kingine kinatoa nguvu. Mpishi wa pilau hakuandalii iliki kwenye sahani yake na mdalasini kwenye sahani yake. Kile nilichoonja kwenye glasi ile ni vilima vinne, na hakuna kilichopiga kelele kuliko mwenzake.

Miaka yake ya mwisho miguu ilimwacha. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, anapokea wageni na kuchora lebo kwa mkono wake. Moja ikavuka mipaka ya Italia: "No Barrique No Berlusconi". Alimweka Berlusconi, mwanasiasa tajiri aliyepata kuwa waziri mkuu wa Italia, na pipa dogo kwenye sentensi moja, na mimi naamini hakuwa anafanya mzaha. Kwake vyote viwili vilitoka mahali pamoja, pale ambapo kila kitu lazima kipendeze haraka na kila kijiji kifanane na kingine.

Nikija kwenye swali lako, kuna jambo moja ninalolifikiria kila ninapoiona chupa hiyo. Barolo hairuhusiwi kuuzwa kabla haijatimiza miaka mitatu na zaidi tangu mavuno. Kwa hiyo Bartolo alipofariki Machi 2005, zabibu za Oktoba 2004 zilikuwa hata mwaka hazijamaliza. Mvinyo ulikuwa chini ghalani, mkali, haunyweki, umeachwa na mtu asiyekuwepo tena kuuonja. Binti yake, Maria Teresa, alikuwa ameshafanya kazi naye kwa zaidi ya miaka kumi. Angeweza kununua barrique kesho yake, na wapo ambao wangempigia makofi. Angeweza kuitoa Cannubi peke yake na kuuza ghali. Aliuacha mvinyo ukae kwenye mapipa yale yale makubwa mpaka siku zake zikatimia, na hadi leo anavichanganya vilima vyote vinne.

Mtu aliyekataa kwa ukaidi mtupu, mwanawe huwa anasubiri afe ili apumue. Wewe unanijua, na unajua mangapi ya kwangu umeyaacha siku ile ile ulipohama nyumbani, na mengine ulikuwa na haki kuyaacha. Maria Teresa alikuwa anaijua sababu ya kila "hapana" ya baba yake, maana alishika naye kazi, akaonja naye. Ndiyo maana namheshimu yule mzee.

Chupa irudishe kabatini, upande ule ule usiopigwa na jua. Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu tu, usiiloweke, lebo ni ya karatasi na gundi imeshachoka.

Mama yako