Jibu: Skafu ya uzi wa manyoya inapungua upana

Dada, umeuliza kwa nini skafu yako ya kroshia inapungua upana: inazidi kuwa nyembamba kila ukiongeza mstari kwa sababu unaruka mafundo ya pembeni, manyoya yanayaficha. Uzi ule wa manyoya, wenye nyuzinyuzi ndefu zinazofanana na manyoya, usiufume peke yake. Ushike pamoja na uzi laini wa kawaida wa rangi ileile, na uchukue sindano ya kroshia iliyo nene, milimita 8 hivi. Halafu acha kuhangaika kutafuta kitanzi cha juu. Chomeka kroshia kwenye uwazi kati ya fundo moja na jingine. Kidole kinausikia hata kama jicho halioni. Hesabu mafundo kila ukimaliza mstari, tena kwa kupapasa.

Kufumua ndiyo shughuli. Manyoya yanashikana, ukivuta kwa hasira uzi unakatika, kwa hiyo fumua fundo mojamoja.

Ule mtandio unaotaka kuufuma baadaye, mimi kwa joto hili la Dar nisingeujaza manyoya, labda kama unahamia Njombe kwenye baridi! Mwili fuma kwa uzi wa pamba, mafundo marefu yenye nafasi, manyoya yabaki kwenye pindo tu. Na pasi usiupitishie: uzi wa manyoya mara nyingi ni poliesta, unayeyuka.