Umezima kila kitu kwenye Task Manager, kidirisha cheusi bado kinachomoza

Mkuu, hicho kidirisha cheusi kinachochomoza na kupotea kila ukiwasha kompyuta, ilhali umeshazima programu zote zinazojiwasha kwenye orodha ya Startup ya Task Manager, kilinisumbua karibu mwezi mzima. Nilijua ni kirusi. Nikaskani mara tatu, hola.

Ile orodha ya Startup unayoipata kwa Ctrl+Shift+Esc haionyeshi kila kinachojiwasha. Inaonyesha hasa vilivyomo kwenye folda ya Startup (bonyeza kitufe cha Windows na R, andika shell:startup utaiona, ya watumiaji wote ni shell:common startup) na vilivyoandikwa kwenye vifungu vya Run ndani ya rejista, yaani ghala la mipangilio ya Windows. Huduma za chinichini, zile za services.msc, hazimo. Kazi za Task Scheduler, yaani ratiba ya Windows ya kuendesha vitu vyenyewe kwa wakati wake, nazo ndio hivyo hivyo, na huko ndiko mchawi wangu alikojificha.

Bonyeza Windows na R tena, andika taskschd.msc, bofya Task Scheduler Library kushoto, kisha kagua safu ya Triggers, inayosema kazi inaanza lini. Unatafuta zenye At log on (ukiingia) au At startup (kompyuta ikiwaka). Ingia hadi kwenye vifolda vya ndani, ila cha Microsoft kiache kwanza, kimejaa kazi za mfumo wenyewe na utapotea humo. Ukikuta jina usilolielewa, fungua Actions uone linaita nini. Yangu ilikuwa inaita cmd.exe, ambayo ndiyo hicho kidirisha cheusi cha kuandikia amri, halafu inaiagiza iendeshe faili la programu ya printa niliyoiondoa zamani. Faili halipo, cmd ipo. Basi inafunguka, inakosa cha kuendesha, inajifunga. Mwezi mzima nawinda kirusi, kumbe ni masalia ya printa ambayo hata sinayo tena! Nikabofya kulia, Disable, kikaisha.

Kama hutaki kuzunguka mlango kwa mlango, pakua Autoruns ya Sysinternals, programu inayoorodhesha karibu vyote vinavyojiwasha sehemu moja, ni ya bure na iko kwenye tovuti ya Microsoft. Iendeshe kama administrata, kwenye menyu ya Options weka tiki Hide Microsoft Entries, utabakiwa na vya wengine tu. Mistari ya njano ni ile ambayo faili lake halionekani, yaani masalia kama yangu. Ondoa tiki, usifute. Ukikosea unairudisha tiki na maisha yanaendelea. Ukifuta, ni wewe na bahati yako. Na usiondoe kumi kwa mpigo. Mimi nilifanya hivyo, tachipedi ikagoma, nikabaki nakisia ni ipi kati ya kumi.

Ukirudi Task Manager, neno High kwenye safu ya Startup impact lisikutishe. Programu ikitumia prosesa zaidi ya sekunde 1, au ikisoma na kuandika zaidi ya MB 3 kwenye diski wakati wa kuwaka, inapewa High. MB 3 ni kitu gani siku hizi? Antivirusi yako huenda ikawa High, na hiyo huizimi.

Ukimaliza, jaribu kwa Restart, sio Shut down. Fast startup, ile njia ya Windows ya kuwaka haraka, ikiwa imewashwa, Shut down huihifadhi sehemu ya ndani ya mfumo, pamoja na huduma zake, kisha huirudisha vilevile ukiwasha, kwa hiyo unaweza kudhani mabadiliko yako hayakushika.

Kikichomoza tena baada ya hapo, nakili kilichoandikwa kwenye Actions ukiweke hapa tukione.